Mchagua Jembe

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sijaona watu wanaoithibitisha methali hii kama waandishi wa vitabu. Mwashi akifika kazini huchukua mwiko na timazi akaanza. Mvuvi hutazama upepo na maji, akaenda zake. Lakini mwandishi, ambaye chombo chake ni kalamu tu, hataki kuanza mpaka kiti kielekee upande fulani, kikombe kiwe kile kile cha jana, na watoto wa jirani wawe wamelala. Watu humcheka, na wana haki ya kumcheka. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao wa kuchekwa. Insha hii ni masimulizi ya ada za waandishi wakubwa niliotaka kuwaiga, na ya hasara niliyoipata kwa kuwaiga vibaya.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Tanga, umri wangu umepita miaka thelathini kidogo, nilipoanza kusoma habari za maisha ya waandishi. Nilitaka sana kuandika, na kama wafanyavyo wengi wenye tamaa hiyo, niliona ni rahisi zaidi kusoma habari za wale waliokwisha kuandika. Wa kwanza kunishangaza alikuwa Friedrich Schiller, mshairi na mtunzi wa tamthilia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1805. Kisa chake alikisimulia rafiki yake Goethe mwaka 1827, naye Goethe amekwisha kuwa mzee, akimwambia Johann Peter Eckermann aliyekuwa akiyaweka mazungumzo yake katika maandishi. Siku moja Goethe alikwenda kumtembelea Schiller asimkute nyumbani. Akakaa kwenye meza ya mwenyeji wake kumngoja. Baada ya muda kidogo akaanza kujisikia vibaya, hata akakaribia kuzimia. Alipotafuta sababu akatambua kwamba kuna harufu mbaya itokayo kwenye droo ya meza. Kuivuta, akaikuta imejaa matufaha yaliyooza. Mke wa Schiller akamweleza kuwa droo ile hujazwa makusudi, kwa kuwa mumewe hawezi kuishi wala kufanya kazi bila harufu ile.

Nilicheka peke yangu maktabani. Kisha nikaendelea kusoma, na kila nilipofunua ukurasa nikakuta mwingine.

Victor Hugo wa Ufaransa alikuwa amemwahidi mchapishaji wake riwaya, akaiahirisha mara kadhaa mpaka akawekewa tarehe asiyoweza kuikwepa, mapema mwaka 1831. Ilipofika Septemba 1830 alikuwa bado hajaandika cha maana. Mke wake, Adèle, ndiye aliyesimulia alichokifanya. Alinunua chupa moja ya wino na vazi zito la sufi la rangi ya kijivu lililomfunika toka shingoni hadi vidoleni, kisha akazifungia nguo zake nyingine zote kwa ufunguo ili asishawishike kutoka nje. Akaingia katika riwaya yake kama mtu aingiaye gerezani. Katikati ya Januari kitabu kilikwisha, na wino wa chupa ile ukaisha pamoja nacho. Hiyo ndiyo riwaya ya Kanisa la Notre-Dame wa Paris, iliyochapishwa Machi 1831, ambayo ingali ikisomwa.

Mwingereza Anthony Trollope hakuwa na matufaha wala vazi la sufi. Alikuwa mtumishi wa posta. Aliingia katika idara hiyo mwaka 1834, akiwa kijana, akatoka mwaka 1867, na ndiye aliyependekeza masanduku ya barua ya kusimama njiani yaliyojaribiwa katika visiwa vya Channel mwaka 1852. Pamoja na kazi hiyo aliandika riwaya 47. Siri yake aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kila siku alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Aliweka saa mbele yake, na alijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Alikuwa na mtumishi wake mzee aliyemlipa pauni 5 zaidi kwa mwaka, kazi yake kumwamsha na kumletea kahawa. Wasomaji wengi walichukizwa na ungamo hilo. Walidhani riwaya hushuka kama ilhamu. Kumbe huyu alikuwa akizipima kwa saa kama apimaye nazi kwa mamia.

Wa nne alikuwa Jane Austen, binti wa kasisi, aliyeishi kijijini Chawton kuanzia mwaka 1809 hadi 1817, mwaka aliofariki. Huyu hakuwa na chumba chake cha kuandikia. Aliandika sebuleni, mahali pa kupitia kila mtu, kwenye vipande vidogo vya karatasi vilivyo rahisi kufichwa. Mpwa wake aliandika baadaye kwamba nyumba ile ilikuwa na mlango uliolia ukifunguliwa, na Jane hakutaka utiwe mafuta, kwa sababu mlio ule ulimpa nafasi ya kuzificha karatasi zake kabla mgeni hajaingia.

Msomaji mpenzi, tazama nilichokifanya mimi kwa elimu yote hii. Nilijitengenezea ada. Nilinunua kalamu ya kujaza wino, na wino wake sharti uwe wa buluu. Nilinunua daftari la jalada gumu. Nikahamisha meza ikaelekea dirisha la mashariki, na nikachagua kikombe cha bati cheupe cha chai ya tangawizi ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Wakati wangu ulikuwa saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu. Nje ya wakati huo sikuandika hata mstari mmoja, na ndani ya wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kusema nami. Mke wangu aliamka kabla yangu kuwasha mkaa na kuchemsha chai, na mtoto akilia alimbeba akatoka naye uani. Sikumlipa pauni tano. Wala sikuliona jambo hilo. Nilimsoma mtumishi wa Trollope mara nyingi, lakini sikupata kumwona mtumishi wangu mwenyewe.

Nikichungulia sasa, naona kwamba karibu kila ada ya mwandishi ni ukuta wa kuzuia watu, na kila ukuta una mtu anayeushikilia kwa upande wa pili. Schiller alikuwa na mke aliyevumilia uvundo. Trollope alikuwa na mtumishi wa kumwamsha, na zaidi ya huyo alikuwa na mke aliyenakili kwa wino maandishi yake ya penseli. Jane Austen, ambaye hakuwa na wa kumlinda, alilindwa na bawaba.

Mama yangu alikuja kukaa nasi baada ya baba kufariki. Alikuwa mtu wa Pangani. Kichwani mwake alikuwa na utenzi ambao bibi yake mzaa mama aliutunga kumuusia binti yake alipokuwa akiolewa. Haukuwahi kuandikwa. Mama aliupata kwa kusikia, akiwa mtoto, wanawake wa nyumbani wakiughani huku wakisuka ukili. Alisema beti zake zinapita themanini. Ndani yake mlikuwa na mambo ya nyumba na mume, lakini pia majina ya watu na mitaa, mwaka wa njaa, na chombo kilichozama na mali ya mtu. Mimi mwalimu wa historia nilijua thamani ya kitu kile. Nilimwambia mara nyingi: "Mama, utenzi huu lazima niuandike."

Usiku mmoja umeme ulikatika. Tulikuwa tumekaa barazani na kibatari. Mama alikuwa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, leta karatasi. Leo zimenijia zote, moja inaivuta nyingine."

Nikamjibu, "Kesho alfajiri, mama. Usiku siandiki."

"Haya, baba," akasema. "Kesho ni ya Mungu."

Alfajiri nilikaa naye, kalamu imejaa wino wa buluu, daftari limefunguka, kikombe kiko mahali pake. Alinipa beti kumi na moja. Baada ya hapo zikakatika. Alijaribu kurudi nyuma aanze tena, kama mtu aliyepotea njia anavyorudi mahali anapopajua, lakini hazikuja. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, zitarudi. Na kweli zilirudi: mchana akichambua mchele, jioni akimwogesha mjukuu, wakati wowote isipokuwa wakati wangu. Aliniita mara mbili tatu zaidi. Nilimwambia alfajiri. Kisha akaacha kuniita.

Masika ya mwaka 1986 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea kauli. Nilikaa kando ya kitanda chake saa zote, usiku na mchana, na daftari magotini. Wakati huo nilikuwa tayari kuandika kwa mkaa ukutani. Alikuwa akinitazama, na mkono wake mzima ulikuwa ukienda juu na chini polepole, kwa mizani niliyoijua. Alifariki kabla ya mwaka ule kwisha.

Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari lile lenye beti kumi na moja na kurasa nyingi nyeupe. Kalamu ile sikuijaza tena.

Haikupita muda mrefu nikajikuta mbele ya darasa, nikiwafundisha wanafunzi Utendi wa Mwana Kupona, kama nilivyokuwa nimefanya kila mwaka. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi huo mwaka 1858, mume wake amekwisha kufa na yeye mwenyewe ni mgonjwa. Aliutunga kumuusia binti yake. Jambo lake la kwanza ni kumwita mtoto asogee karibu, na kumwambia achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimezifundisha beti zile kwa miaka mingi. Nilikuwa nimeeleza msamiati wake, vina na mizani yake. Siku ile nilifika mahali pa wino na karatasi nikashindwa kuendelea. Nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika, nikatoka nje.

Washairi wetu wa zamani walikuwa na ada zao pia. Anayefungua tenzi za pwani atakuta aghalabu zinaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na Mtume akaswaliwa. Mara nyingi mtunzi huomba aletewe wino, kalamu na karatasi kabla ya kuingia katika kisa chenyewe. Mtu wa leo anaweza kuyapita maneno haya haraka, akaona ni mapambo tu. Zamani nami niliyapita hivyo. Lakini ada ile ina tofauti kubwa na ya Hugo. Hugo alifunga mlango ili aandike. Mtunzi wa utenzi aliufungua: alimwita mtu aingie, akamtuma vifaa, kazi ikaanza papo hapo. Ndani ya shairi lenyewe mna mtu wa pili, yule mletaji wa karatasi, ambaye pengine ndiye atakayeandika, na ndiye atakayesoma. Na binti wa Mwana Kupona, Mwana Hashima, alisogea. Kama angemwambia mama yake "kesho", leo tusingekuwa na cha kufundisha.

Tena si kila aliyeokoa maneno alikuwa mtunzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa vilevile, aliyahifadhi, akayaandika, akamsaidia Mwingereza William Taylor kuyakusanya. Diwani yake haikuchapishwa mpaka mwaka 1940, mwaka wa mia tangu kufa kwake, huko Johannesburg. Miaka mia nzima mashairi yale yaliponea katika kumbukumbu ya watu na katika karatasi za wachache waliojali kuandika. Nilipofikiri habari hiyo nilijiona mdogo sana. Mimi sikuombwa kukumbuka mashairi ya miaka hamsini iliyopita. Niliombwa kuyasikiliza ya usiku ule.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasoma upya waandishi wangu, safari hii si kwa kutafuta ada za kuiga. Nikaona kwamba nilikuwa nimesoma nusu ya kila kisa. Trollope, yule wa saa na kahawa, kazi ya posta ilimsafirisha sana kwa treni. Je, alingoja arudi mezani kwake? Hapana. Alijitengenezea kibao kidogo cha kuandikia, akaandika kwa penseli huku behewa likimtikisa, na mbele ya abiria wenzake. Mimi nilikuwa nimechukua saa yake nikaiacha treni yake. Hugo naye hakuvaa vazi la kijivu maisha yake yote. Alilivaa miezi michache, kwa kitabu kimoja, deni likiwa shingoni. Jane Austen angefurahi kupata chumba, lakini hakukingoja. Na mjini kwetu Tanga, ambako Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, nani asiyejua kwamba alikuwa karani wa serikali? Aliingia kazini katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akatumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, na vitabu vyake akaviandika katika masaa ambayo ofisi ilimwachia.

Lakini walionimaliza kabisa ni wale wa Kamiti. Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipofungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake ulioiuliza Kenya inaelekea wapi. Alikaa kifungoni hadi mwaka 1972. Hakuwa na meza wala daftari. Mashairi yake aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977 akawekwa kizuizini katika gereza hilo hilo la Kamiti mpaka Desemba 1978. Yeye naye aliandika kwenye karatasi za chooni, na mwenyewe ameeleza kwamba zilikuwa ngumu na zenye kukwaruza, tabu kwa matumizi yake lakini nzuri kwa kalamu. Siku moja askari wa gereza walimpekua wakamnyang'anya kazi yote, baadaye akarudishiwa. Hiyo ndiyo riwaya yake ya kwanza kwa Kigikuyu, tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani.

Sisemi kwamba gereza ni mahali pazuri pa kuandikia. Asemaye hivyo hajui asemalo, na anawadhulumu walioteseka. Nasema tu kwamba watu wale walinyang'anywa kila kitu ambacho mimi nilikiita sharti la kuandika, wakaandika. Mimi nilikuwa na mambo yote, na mama barazani, na kibatari kinachowaka, na nikasema kesho.

Basi je, ada za waandishi ni upuuzi? Sidhani. Anayekaa mbele ya karatasi nyeupe huingiwa na hofu, na kikombe kile kile au kiti kile kile humtuliza, kama mtoto anavyotulizwa na kanga ya mama yake. Hilo halina ubaya. Tena mwenye kazi na watoto hana budi kujitengea saa, la sivyo hataandika kamwe. Ubaya huja pale ada inapoacha kuwa mlango ikawa komeo. Wazee wetu walikuwa na neno lake tangu zamani: mchagua jembe si mkulima. Kwa muda wa miaka kadhaa nilijiita mwandishi, kumbe nilikuwa mchagua jembe, na masika yalinipita nikiwa bado natazama mpini.

Mke wangu alipoisoma insha hii kabla sijaipeleka kupigwa chapa, aliniuliza kwa nini nimeandika habari za mama tu, nisitaje chai ya alfajiri. Nikamwonyesha mahali nilipoitaja. Akasema ni mistari miwili. Ni kweli, ni mistari miwili. Nimeiacha hivyo ili nikiri hapa kwamba ni michache.

Siku hizi naandika kwa kalamu yoyote, na mahali popote. Juzi usiku mjukuu wangu wa darasa la sita alikuja na swali la shule kuhusu harusi za zamani zilivyokuwa. Nilikuwa nimechoka, miwani yangu iko chumbani, na taa ya sebuleni ni hafifu. Nilitaka kumwambia kesho. Nikamwambia alete daftari asogee. Nilimpa kwanza zile beti kumi na moja, polepole, naye akaziandika kwa hati yake kubwa ya kitoto. Alipomaliza akaniuliza, "Na zilizobaki, babu?"

Nikamwambia ukweli.